Mswada wa Wakfu wa Dhuria katika Baraza la Bara Hindi, 1911–1913

Wakfu ni jambo kongwe katika Uislamu. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alipopata ardhi kule Khaibar alimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kumtaka shauri; naye akamwelekeza kwamba akitaka aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Umar akafanya hivyo. Ardhi ile haikuuzwa, haikutolewa hiba, wala haikurithiwa. Na mapato yake yakawekewa mafakiri, jamaa, watumwa wanaotafuta uhuru wao, wasafiri na wageni. Msomaji na alishike neno moja katika orodha hiyo, nalo ni jamaa. Kwa ajili ya neno hilo Waislamu wa Bara Hindi walikaa miaka kumi na tisa wakidai haki yao, wakaipata kwa mlango ambao wengi wao hawakuujua hapo awali: mlango wa mjumbe mmoja asiye wa Serikali, aliyeleta mswada wake mwenyewe mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, na Kamati Teule iliyoupokea.

Wanavyuoni wameligawa jambo hili mafungu mawili. Upo wakfu wa kheri, kama vile kisima, msikiti, chuo, au shamba la kuwalisha maskini. Na upo wakfu wa dhuria, ambao mwenye mali huizuia nyumba au shamba ili watoto wake na watoto wa watoto wake wale mapato yake, na pindi kizazi kikikatika, mapato yarejee kwa maskini. Mafungu yote mawili yana sura moja mbele ya sharia. Mali imetoka mikononi mwa wanadamu, na hapana mrithi awezaye kuipiga mnada. Waarabu wa Unguja na Mombasa waliijua desturi hiyo, na Waislamu wa Bengali, Bihari na Oudhi waliijua vile vile, kwa kuwa ndiyo iliyozilinda nyumba kubwa zisivunjike vipande vipande baada ya mazishi ya baba.

Sasa Bara Hindi ilikuwa chini ya Waingereza, na kesi iliyoshindikana katika mahakama kuu za huko ilikuwa na njia ya kwenda London, mbele ya Baraza la Mfalme lenye kusikiliza rufaa za makoloni. Mwaka 1894 ilifika huko kesi ya ndugu wawili wa Bengali walioweka mali yao wakfu kwa watoto wao na vizazi vyao, na kwa maskini baada ya vizazi hivyo kwisha. Lord Hobhouse, akisoma hukumu, alisema kwamba fungu la maskini katika hati ile ni kivuli tu. Maskini hawatapata kitu mpaka ukoo mzima utoweke, na huenda usitoweke kamwe. Basi sadaka iko wapi? Wakfu ule ukabatilishwa. Mali ikarudi kuwa mali ya kawaida, ya kuuzwa, kurithiwa na kukamatwa kwa deni.

Inapasa kusemwa kwa insafu kwamba majaji wale hawakuhukumu kwa chuki. Walihukumu kwa mizani ya kwao. Katika sheria ya Uingereza, sadaka ni kitu kiendacho kwa watu wa nje, na mtu anayewawekea wanawe mali hahesabiwi kuwa ametoa sadaka; amejipendelea tu. Wala haikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo. Miaka miwili kabla yake, Mahakama Kuu ya Calcutta ilikwisha kusema maneno yaliyo karibu na hayo, na jaji mmoja tu ndiye aliyesimama upande wa pili, Syed Ameer Ali. Alieleza kwa urefu, kwa dalili za vitabu vya fikihi na hadithi, kwamba katika Uislamu kumlisha mtoto wako na jamaa yako ni sadaka, tena ni sadaka inayotangulizwa. Wenziwe hawakumkubalia, na wala London hawakuziona dalili zake kuwa zatosha. Yeye mwenyewe alistaafu mwaka 1904 akahamia Uingereza, na mwaka 1909 akawa Mhindi wa kwanza kuketi katika Baraza lile lile la Mfalme. Hata hivyo hukumu ya 1894 haikuweza kupinduliwa na jaji. Ilikuwa imekwisha kuwa kigezo cha mahakama zote, na kigezo cha namna hiyo hakivunjwi ila kwa sheria mpya.

Baada ya hapo kila hati ya wakfu wa dhuria ikawa mashakani. Mtu aliyekuwa akila mapato ya shamba la babu yake kwa amani aliweza kuamka siku moja akute nduguye amefungua daawa, au mdai wa nduguye ameleta karatasi ya mahakama, na wakili mahiri akishika kitabu cha hukumu mkononi. Wanavyuoni walistaajabu zaidi kwa sababu nyingine: watu wasiosoma fikihi walikuwa wakiwafundisha mafaqihi ni lipi lililo wakfu na ni lipi lisilokuwa. Miongoni mwa waliosimama ni Shibli Nu'mani, mwanachuoni wa Azamgarh aliyekuwa na shughuli kubwa katika Nadwatul Ulama ya Lucknow. Aliandika kijitabu juu ya wakfu wa dhuria, akakusanya fatwa za wanavyuoni na saini za Waislamu wa sehemu nyingi, ili Serikali isije ikadhani kwamba hayo ni malalamiko ya matajiri wachache.

Lakini fatwa na saini hazitungi sheria. Hapa ndipo linapokuja Baraza.

Baraza la Kutunga Sheria la Gavana Mkuu halikuwa bunge kama bunge la Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 1909 lilipanuliwa likawa na wajumbe wa kuchaguliwa 27, baadhi yao wakichaguliwa na Waislamu peke yao; lakini walioteuliwa walikuwa wengi zaidi, na maofisa wa Serikali walipangwa wawe ndio wenye kura ya mwisho. Kwa hiyo hapana mswada ulioweza kupita kwa nguvu ya wajumbe wa watu. Aliyetaka kutunga sheria bila ya kuwa mtu wa Serikali alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuifanya Serikali isiupinge mswada wake.

Inafaa kubainisha hapa, kwa kuwa watu huchanganya mambo mawili. Katika Bunge la Uingereza upo mswada wa faragha, ambao mtu, mji au kampuni hupeleka maombi ili kupatiwa haki makhsusi, kama vile kujenga reli au kuchimba mfereji katika ardhi za watu. Mswada huo husikilizwa na kamati ndogo karibu na namna kadhi asikilizavyo kesi: mawakili wa pande mbili husimama, mashahidi huulizwa, na mwenye ardhi itakayodhurika hupata nafasi ya kusema. Wa pili ni mswada wa mjumbe binafsi, ambao ni sheria kwa watu wote, ila aliyeuleta si waziri wala ofisa. Mswada wa wakfu ulikuwa wa namna hii ya pili. Hata hivyo njia zote mbili hukutana mahali pamoja, kwani mswada usio na Serikali nyuma yake hufa au huishi kwa kadiri ya namna kamati inavyoupokea.

Njia ya mswada wa mjumbe katika Baraza la Bara Hindi ilikuwa ndefu. Kwanza alitakiwa kuomba ruhusa ya kuuleta; na mswada ukigusa dini au ibada na desturi za dini za raia, sheria ya mwaka 1861 ilitaka kibali cha Gavana Mkuu kipatikane kabla. Ukiisha kuletwa, hutangazwa katika Gazeti la Serikali pamoja na maelezo ya makusudio yake. Halafu huenda ukapelekwa kwa serikali za majimbo, ili magavana wawaulize majaji, maliwali, vyama na watu maarufu, na majibu yote yarudi makao makuu yakiwa yamepigwa chapa. Kisha mwenye mswada husimama tena na kuomba upelekwe kwenye Kamati Teule, huku akitaja majina ya wajumbe anaowataka wakae humo. Ombi hilo ndilo lililokuwa mtihani. Kulikataa ni kuuzika mswada. Kulikubali ni kusema kwamba shina lake ni zuri na kilichobaki ni kupogoa matawi.

Kamati yenyewe haikuketi mbele ya watu. Wajumbe wachache walifungiana chumbani, wakisoma maoni ya majimbo moja baada ya jingine, wakipima kila kifungu na kila neno. Aliyekuwa na rai tofauti aliruhusiwa kuiandika chini ya taarifa ili isipotee. Taarifa ilipokwisha ilipigwa chapa katika Gazeti, na mswada uliorekebishwa ukarudi barazani kujadiliwa kifungu kwa kifungu. Mwisho ulihitaji idhini ya Gavana Mkuu. Aliyezoea majlisi za wazee hataona ugeni mkubwa hapo. Barazani watu husema ili wasikiwe, na chumbani husema ili wakubaliane.

Ili kuona jinsi mlango huo ulivyokuwa mwembamba, na itazamwe miswada mingine miwili iliyokuwa pamoja na mswada wa wakfu. Tarehe 16 Machi, 1911, Gopal Krishna Gokhale wa Poona, aliyekuwa mashuhuri kuliko wajumbe wote wa kuchaguliwa, alileta mswada wa elimu ya msingi. Alitaka halmashauri za miji na wilaya, zikipata ruhusa, ziweze kuwalazimisha wazazi kuwapeleka shule wavulana wa miaka sita hadi kumi, na theluthi mbili za gharama zitolewe na Serikali. Hapana aliyesema hadharani kwamba elimu ni mbaya. Mswada ulizungushwa majimboni mwaka mzima, na tarehe 18 Machi, 1912, Gokhale akaomba upelekwe kwenye Kamati Teule. Wakajadiliana siku mbili. Kura zilipohesabiwa, waliokubali walikuwa 13 na waliokataa 38. Mswada ule haukuwahi kufika chumbani. Ulifia mlangoni, na takriban kila kura iliyouangusha iliweza kutabiriwa kwa kutazama nani amekaa kiti gani. Ulihitaji fedha za Serikali, na Serikali haikutaka kuzitoa.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, mswada wa Bhupendra Nath Basu wa Bengali juu ya ndoa za kiserikali ulikataliwa vivyo hivyo. Sheria ya mwaka 1872 iliwataka watu wanaooana kwa ndoa hiyo wakane kwanza kwamba wao ni Wahindu, Waislamu au wa dini nyingine zilizotajwa humo; Basu alitaka kukana huko kuondolewe. Mswada ule ulichukiza wengi wa Wahindu na wengi wa Waislamu. Serikali, iliyokuwa ikiogopa dini kuliko kitu chochote, ikaona afadhali kuuacha. Kijana mmoja wa Kiislamu kutoka Bombay aliunga mkono miswada yote miwili, ule wa Gokhale na ule wa Basu. Na katika huu wa pili wanavyuoni hawakuwa pamoja naye, wala hawakukosa hoja. Kijana huyo alikuwa Muhammad Ali Jinnah.

Jinnah alikuwa mzaliwa wa Karachi, wa ukoo wa Khoja, taifa ambalo Waislamu wa Unguja, Mombasa na Kampala wanalijua vema. Alisomea uwakili London, akafanya kazi Bombay, na mwaka 1910 Waislamu wa Bombay wakamchagua kuwa mjumbe wao katika Baraza. Wakati huo alikuwa mtu wa chama cha Congress. Katika Muslim League hakuwa ameingia bado, aliingia mwaka 1913 mswada wake ulipokuwa umekwisha kupita. Hakuwa mwanachuoni, wala hakujidai kuwa mwanachuoni. Alikuwa na jambo jingine. Alijua ni neno gani katika hukumu ya 1894 lililofunga mlango, na alijua kwamba neno hilo lafunguliwa kwa neno, si kwa hotuba.

Tarehe 17 Machi, 1911, siku moja baada ya Gokhale, Jinnah akaleta mswada wake. Ulikuwa mfupi. Haukuomba rupia moja kutoka hazina, haukumlazimisha mtu yeyote kufanya kitu, wala haukubuni haki mpya. Makusudio yake yalikuwa kutamka ni ipi sharia ya Kiislamu juu ya wakfu wa dhuria, na kuondoa shaka iliyoingizwa na hukumu za mahakama. Hekima ya kuuandika hivyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Lau angaliomba Waislamu wapewe upendeleo, wajumbe wengine wangaliuliza kwa nini na wao wasipewe. Lau angalilaumu majaji wa London, maofisa wangalisimama kuwatetea. Yeye aliomba tu kwamba Waislamu wahukumiwe kwa sheria ambayo Waingereza wenyewe walikwisha kuahidi kwamba watawahukumu kwayo.

Ukaanza mzunguko wa majimboni. Hapa ndipo kazi ya Shibli na wenziwe ilipozaa matunda, maana barua za Serikali zilipofika wilayani kuuliza maoni, ziliwakuta watu wamekwisha kufahamu wanachoulizwa. Jambo hilo watu hulisahau wanapoisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa kazi ya wakili mmoja. Mswada wa Gokhale nao ulizungushwa majimboni, lakini ulipata majibu ya kupingana; huu wa wakfu ulikuta wanavyuoni wa Kihanafi wa Lucknow na mawakili waliosoma London wakisema neno moja, na mkusanyiko kama huo haukuwa jambo la kila siku.

Hoja za kupinga hazikukosekana, na haifai kuzificha. Ilisemwa kwamba mdaiwa mwenye hila ataandika hati ya wakfu leo, na kesho mdai wake atakuta hapana cha kukamata. Ilisemwa pia kwamba mali iliyozuiwa milele hudumaa, kwani hapana awezaye kuiuza wala kuiweka rehani ili apate fedha za kuitengeneza. Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, na fikihi yenyewe inaijua: mtu hana ruhusa ya kukimbilia wakfu ili kuwadhulumu waliomkopesha. Hoja ya pili ni ya wafanya biashara, na jibu lake ni kwamba si kila nyumba iliyopo duniani imejengwa ili iuzwe.

Kabla mzunguko haujamalizika, muda wa Jinnah katika Baraza ukaisha. Mswada ukabaki bila ya mwenyewe. Kwa desturi ya mabaraza, mswada wa mjumbe aliyeondoka huanguka kama jani, na pengine hapana anayeuliza umekwenda wapi. Lord Hardinge, aliyekuwa Gavana Mkuu, akamteua Jinnah kuwa mjumbe wa ziada, ili aje kuumaliza mswada huu. Uteuzi huo waonyesha wazi kwamba Serikali ilikwisha kuamua kutoupinga. Katika Halmashauri ya Gavana Mkuu mwenye dhamana ya sheria alikuwa Syed Ali Imam, Mwislamu wa Bihari, wakili mkubwa. Na si jambo dogo kwamba aliyekaa kiti hicho wakati ule alikuwa mtu aijuaye wakfu nyumbani kwao, si katika kitabu tu.

Mwanzo wa 1913 mswada ukapita mlango ule ambao miswada ya Gokhale na Basu ilishindwa kuupita. Ulipelekwa kwenye Kamati Teule, taarifa ikaandikwa na kutangazwa katika Gazeti, na tarehe 5 Machi, 1913, Baraza likaupitisha. Siku mbili baadaye, tarehe 7 Machi, ukapata idhini ukawa Sheria namba 6 ya mwaka 1913. Wapo wanaosema kwamba huo ndio mswada wa kwanza wa mjumbe binafsi kuwa sheria katika Bara Hindi. Sivyo. Sir Syed Ahmad Khan alikwisha kutangulia zaidi ya miaka thelathini kabla, kwa mswada wa kuchanja ndui na kwa sheria ya kuteua makadhi ya mwaka 1880. Sifa ya Jinnah haipungui kwa hilo.

Sheria yenyewe ina vifungu vitano tu, na anayevisoma huona mkono wa watu waliopima maneno. Kifungu cha tatu chasema kwamba ni halali Mwislamu kuweka wakfu kwa kuwalisha na kuwatunza watu wa nyumba yake, watoto wake au dhuria yake, wote au baadhi; na aliye Hanafi aweza pia kujiwekea maisha yake mwenyewe, au kulipa madeni yake kwa mapato ya mali hiyo. Sharti ni moja: mwisho wa yote, manufaa yawe yamewekewa maskini, au jambo jingine la dini au la kheri lisilokatika, ikiwa kwa kutamkwa au kwa kufahamika. Kifungu cha nne ndicho kinachojibu hukumu ya 1894 moja kwa moja: wakfu hautabatilika kwa sababu tu ya kwamba fungu la maskini limecheleweshwa mpaka baada ya kizazi kukatika. Cha tano chahifadhi mila za mahali na za madhehebu.

Mtu wa pwani atauliza kwa nini Hanafi ametajwa peke yake. Ni kwa kuwa katika madhehebu ya Imam Shafii mtu hawezi kujiwekea nafsi yake wakfu. Mali itoke mkononi mwake kweli kweli. Kwa Mahanafi, kwa rai ya Abu Yusuf inayofuatwa, yafaa. Sheria ya serikali isiyo ya Kiislamu, iliyopitishwa na baraza ambalo maofisa wa Kiingereza walikuwa ndio wenye kura, ilizingatia ikhtilafu hii ya maimamu ndani ya sentensi moja. Uangalifu wa namna hiyo ni adimu katika sheria za wakati ule.

Lakini mswada ulikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo iligharimu. Haukusema kama unazihusu pia wakfu zilizowekwa kabla ya 1913. Familia zilizohitaji ulinzi zaidi zilikuwa ndizo hizo za zamani. Mwaka 1922 Baraza la Mfalme likahukumu kwamba sheria ile hairudi nyuma: wakfu wa 1914 ni halali, na wakfu wa namna ile ile wa 1912 si halali. Ikabidi kurudi tena kutunga sheria nyingine, na mwaka 1930 ikapitishwa sheria fupi iliyosema kwamba ile ya 1913 itahesabiwa kuzihusu pia wakfu zilizotangulia. Miaka kumi na saba ilipita kwa ajili ya maneno machache yaliyokosekana, na ndani yake mashamba mengi yaliweza kwenda kwa njia ya mnada.

Na huku Afrika ya Mashariki je? Waingereza walipozitawala nchi za pwani walileta sheria nyingi za Bara Hindi katika merikebu zile zile zilizoleta rupia: sheria ya mikataba, ya jinai, ya kuhamisha mali. Makadhi na mawakili wa Mombasa na Unguja walizizoea mpaka zikawa kama za kwao. Lakini Sheria namba 6 ya 1913 haikuletwa. Yaani hukumu ya 1894 ilivuka bahari, na dawa yake ikabaki Bombay. Mahakama za huku ziliifuata hukumu ile, zikawabatilishia Mashafii na Maibadhi wakfu wa dhuria kwa ajili ya kesi ya Mahanafi wa Bengali. Familia moja ya pwani ya Kenya ilipigana mpaka London, na hukumu iliyochapishwa katika vitabu vya mwaka 1952 ikasema kwamba, maadam sheria ya 1913 haifanyi kazi Afrika ya Mashariki, mahakama za huku zimefungwa na hukumu ya zamani. Hilo lilikuwa kinyume cha fikihi inayosomwa katika misikiti ya pwani. Lakini kwa kanuni za mahakama majaji hawakuwa na njia nyingine. Waliotaka wakfu wao uheshimiwe ilibidi waende kule kule alikokwenda Jinnah, kwa watunga sheria.

Kenya ilikuwa na Makamishna wa Wakfu tangu sheria ya mwaka 1900, nayo mwaka 1951 ilipata sheria mpya ya makamishna hao. Kifungu chake cha nne kilisomeka kama ndugu wa kifungu cha tatu cha Bara Hindi. Kilihalalisha wakfu wa watoto, dhuria na jamaa, ikiwa umewekwa kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu na mwisho wake umewekewa maskini au jambo la kheri la kudumu. Na ikiwa madhehebu ya mweka wakfu hayakutaka mwisho huo utajwe, basi kutotajwa hakukuubatilisha. Lakini walioandika walikuwa wameisoma habari ya 1922 wakazinduka. Kifungu kilianza kwa kusema kwamba kinauhusu kila wakfu, uliowekwa zamani na utakaowekwa baadaye, hivyo wajukuu wa Mombasa, Malindi na Lamu hawakuhitaji kungoja sheria ya pili. Na mahali ambapo sheria ya Bara Hindi ilimruhusu Hanafi kula mapato ya wakfu wake maishani mwake, watunga sheria wa Kenya waliongeza neno moja ambalo Baraza la Delhi halikuwa na haja nalo, kwa ajili ya watu ambao mababu zao walitoka Omani: wakaandika Ibadhi au Hanafi.